Sura ya Kumi na Moja

Umewahi kuona mwalimu akisifiwa kwa kile asichofundisha? Basi huyu alisifiwa, tena mpaka akavimba kichwa. Miaka kumi na tisa alifundisha hesabu kidato cha mwisho, na hapakuwa na shule ya jirani iliyomfikia kwa matokeo. Siri yake wala haikuwa siri. Mtihani wa taifa, sehemu ya pili, ulikuwa na maswali sita, na mtahiniwa aliambiwa achague manne. Swali moja kati ya hayo sita, siku zote, lilitoka sura ya kumi na moja: trigonometria, yale mambo ya pembetatu na pembe zake. Mwalimu akakaa akapiga mahesabu. Sura ile ilikula wiki sita nzima, wanafunzi waliichukia, na kuiruka hakukumpunguzia mtu alama hata moja. Akaamua kuifuta.

Tena aliifuta kwa shangwe. Wiki ya kwanza ya kila mwaka aliingia darasani ameshika stepla kubwa ya chuma. "Fungueni sura ya kumi na moja. Kamateni kurasa zake zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Haya, bana!" Stepla ikazunguka dawati kwa dawati, ka, ka, ka, pini tatu kila kitabu, darasa likicheka na kupiga meza. Aliyekwisha kubana kitabu alijiona amefaulu nusu. Wakambatiza Mwalimu Stepla, na jina lenyewe akalipenda. Mwanafunzi akithubutu kuuliza ndani ya kurasa zile mna nini, jibu lilikuwa moja: "Mna usingizi, mwanangu. Twende sura ya kumi na mbili."

Binti yake alikuwa mmoja wa waliobana. Nyumbani walimwita Timazi, ile kamba yenye risasi ambayo waashi huitumia kujua kama ukuta umesimama wima. Jina alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuweza kupita mbele ya picha iliyokaa upande bila kuinyoosha. Rafu zote za nyumba ile alizipigilia yeye, na zilinyooka kuliko za fundi wa kulipwa. Alipomaliza shule alikuwa na alama ya juu kabisa ya hesabu, haijapata kutokea pale shuleni, na alitaka jambo moja tu duniani: kuwa mpima ardhi. Hakutaka ualimu wala ukarani. Alitaka kusimama uwandani na ile darubini ya miguu mitatu, aseme hapa ni hapa na pale ni pale.

Chuo cha upimaji kilikuwa kimoja tu. Kilichukua watu kumi na wawili kwa mwaka, na usaili wake mtu aliufanya mara moja maishani. Ukianguka umeanguka, usirudi. Barua ya kumwita ilipofika, Timazi aliisoma kwa sauti mezani, mama yake akapiga vigelegele na sindano mdomoni, nusura aimeze. Barua ilisema msailiwa ajiandae kwa hesabu zote za sekondari.

Hilo neno "zote" halikumpita mwalimu. Aliomba barua, akaisoma mwenyewe, akairudia.

"Baba, kuna nini?" Timazi akauliza.

"Hakuna kitu. Hesabu zako ziko sawa. Una alama ambayo hata mimi sikuipata."

Ilibaki wiki nzima. Jamani, wiki nzima! Ndani ya wiki, mtoto mwepesi kama yule angeweza kuijua tanjenti na nduguze na chenji ikabaki. Lakini kumfundisha kungekuwa kukiri, na mtu aliyepigiwa makofi miaka kumi na tisa hakiri hivi hivi mbele ya mwanawe. Kila asubuhi alijiambia leo, na kila jioni akajiambia hawatauliza. Wiki ikaisha.

Siku ya usaili alimsindikiza. Wazazi walikalishwa kwenye benchi la saruji nje ya uzio wa waya, na uwanja wa mazoezi wote waliuona. Wasailiwa waliitwa mmoja mmoja. Kulikuwa na tangi la maji lililosimama juu ya minara yake ya chuma, limezungushiwa ukuta, hakuna kulikaribia. Mkufunzi, mama wa makamo aliyevaa buti za mpira, alisema kazi yenyewe kwa sauti kubwa hata benchini wakasikia: "Kutoka kwenye kigingi hiki mpaka chini ya tangi ni mita arobaini. Darubini hiyo imesimama mita moja na nusu kutoka ardhini. Nipe kimo cha tangi. Una dakika kumi, na kikokotoo hicho hapo."

Timazi alikuwa wa tano. Alienda mguu sawa, hana wasiwasi. Akainama kwenye darubini, akaizungusha taratibu, akakamata ukingo wa juu wa tangi barabara. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. "Digrii thelathini na tano," akasema. Mkufunzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana wanne waliotangulia walikuwa wamehangaika hata kuishika.

Kwenye benchi, mwalimu alikwisha kupata jibu. Tanjenti ya thelathini na tano ni sifuri nukta saba, mara arobaini ni ishirini na nane, ongeza moja na nusu. Ishirini na tisa na nusu. Ilimchukua muda wa kumeza mate.

Timazi akachukua kikokotoo. Akaandika arobaini kwenye karatasi, akaandika thelathini na tano. Akavizidisha, akatazama, akafuta. Akavigawanya, akafuta. Akachora pembetatu safi kabisa, pembe mraba yake imenyooka kama alivyonyooka yeye mwenyewe, akaikodolea macho. Juu ya kikokotoo kulikuwa na vile vitufe vitatu vya tanjenti na nduguze ambavyo hajawahi kuvigusa tangu azaliwe. Akaweka kidole juu ya kimoja, akakiondoa.

Dakika ya saba aligeuka, akatazama kwenye uzio, akamtafuta baba yake. Hakuwa akiomba kupenyezewa jibu, maana hakuwa mtoto wa namna hiyo. Alimtazama kwa mshangao tu, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umehama. Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Muda umekwisha," mkufunzi akasema.

Majina kumi na mawili yalibandikwa mchana uleule. Timazi hakuwemo. Mwalimu alimfuata mkufunzi penye ghala la vifaa, akamkuta anafuta vumbi kwenye lenzi.

"Mama, samahani. Yule binti wa tano. Ana alama ya juu kuliko zote shuleni kwetu. Apewe nafasi hata ya pili, nakusihi. Atajifunza."

"Wa shule gani?" Mwalimu akamtajia. Mama yule akaweka lenzi chini, akacheka kicheko cha uchovu. "Aa, nyie! Kila mwaka mnatuletea watoto wenye alama za kutisha, na kila mwaka wanakwama pale pale, penye tangi. Hawajafika mbali hata mmoja. Sisi hapa tulidhani vitabu vyenu vimechanika. Inaniuma, mzee wangu, yule binti ana mkono wa kazi sijapata kuuona. Lakini kanuni ni kanuni. Kwani wewe ni nani wake?"

"Mimi ni baba yake," mwalimu akasema. Kwamba ndiye pia aliyemfundisha hesabu, hakulitaja.

Timazi hakulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walipofika nyumbani aliingia ndani, akaketi kwenye kigoda karibu na mama yake aliyekuwa akishona. Ndipo akauliza.

"Baba, wewe unaijua ile hesabu?"

"Naijua."

"Vizuri?"

"Vizuri, mwanangu."

"Na ile wiki ya barua ulikuwa unaijua?"

Mama mtu aliacha kukanyaga cherehani, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, kisha akaendelea kushona. Kwa siku kadhaa alimwekea chakula mezani na kuondoka.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Jumatatu aliingia darasani na kile kisu kidogo cha mkewe cha kufumulia nyuzi. "Fungueni sura ya kumi na moja," akasema. "Toeni pini." Darasa likadhani ni mzaha, likacheka. Alizitoa mwenyewe, kitabu kwa kitabu, mpaka vidole vikamtoka damu. Kurasa za mbele na za nyuma zilikuwa na madoa ya wino na mafuta ya mikono, lakini zile za katikati zilikuwa nyeupe pee.

Kiranja wa darasa, msichana mpole, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii itatoka?"

"Itatoka, lakini hata msipoijua mtafaulu."

"Sasa tunaisoma ya nini?"

Akawaeleza habari za tangi. Akawaeleza na za waashi, mabaharia, wachora ramani. Walimsikiliza kwa adabu, kalamu wameziweka chini. Ni yeye aliyewafundisha kuziweka chini, na somo lile walikuwa wamelielewa vizuri sana.

Akang'ang'ana wiki sita. Zilikuwa wiki za taabu, maana sura nyingine zililazimika kukimbizwa. Mtihani wa majaribio ulipokuja, darasa likaporomoka vibaya. Wazazi wakaja juu. Mkuu wa shule, mtu wa kucheka na kupiga watu mabegani, alimwita ofisini na safari hii hakucheka.

"Mwalimu wangu, umeingiwa na nini? Umeharibu kitu ambacho kilikuwa kinakwenda chenyewe. Basi pumzika kidogo. Nitakupa kidato cha kwanza, na darasa lako nimpe mtu wa kulirudisha kwenye mstari. Tena sikuletei mgeni. Nampa binti yako."

"Timazi?"

"Nani mwingine? Yupo nyumbani, hana shughuli, na ndiye mwenye alama ya juu kuliko wote waliopita hapa. Yule ni ushahidi wa mbinu yako anayetembea kwa miguu miwili. Ameshakubali. Naye atafundisha ulivyomfundisha, basi."

Jioni ile, kabla jua halijazama, mwalimu alimkuta binti yake uani akipanga madaftari mapya. Akachutama mbele yake, mtu mzima na mvi zake. "Nipe wiki mbili tu. Nitakufundisha yote, mwanzo mpaka mwisho. Halafu uwafundishe. Usikubali kubana, mwanangu, nakuomba."

"Unifundishe ili iweje, baba?" Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa imechoka tu. "Chuo hakinipokei tena. Mkuu kasema sura ile iachwe, na wazazi wanataka iachwe. Na mimi kile nisichokijua nitakifundishaje?"

"Ndiyo maana nasema nikufundishe."

"Kila nikikiona hicho kitabu naliona lile tangi." Akarudi kwenye madaftari yake, akayapanga mpaka kingo zikalingana.

Asubuhi ya kwanza ya Timazi, mwalimu alikuwa chumba cha jirani akiwafundisha watoto wa kidato cha kwanza sehemu, nusu na robo, vitu vya kugawa. Ukuta wa kati ulikuwa mwembamba. Alisikia darasa la upande wa pili likitulia, akaisikia sauti ya binti yake, safi na ya moja kwa moja. Halafu vicheko, meza zikapigwa, na baada ya hapo ka, ka, ka. Chaki ilimvunjikia ubaoni. Watoto wakamtazama. Akainama kuokota vipande, akakaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Timazi, ameshika ile stepla kubwa ya chuma. Shuleni alimwita kama wengine walivyomwita.

"Mwalimu, samahani. Pini zimeniishia."

Vilikuwepo viboksi viwili kwenye droo yake, vya miaka yote, na alijua kwamba binti yake anajua. Angeweza kusema havipo. Alifungua mdomo aseme havipo, akamwona binti yake amesimama wima mlangoni, anamngojea kwa adabu ile ile ya darasani, na hakuna alichokuwa anatarajia kutoka kwake isipokuwa pini.

"Vimebaki vitabu vingapi?" akamuuliza.

"Kumi na saba."

Akavuta droo, akampa kiboksi kimoja. Timazi akashukuru, akageuka, akasita. Pale ukutani kando ya mlango kulikuwa na ratiba iliyokaa upande. Mwalimu akaona kwamba Timazi ameiona. Alingoja ainyooshe, alingoja kwa moyo wake wote, lakini binti yake alipita akaenda zake, na baada ya dakika moja stepla ikaanza tena.