Bunduki za Kuazimana

Bunduki ya Enos Wheelock ilikuwa na kiraka cha shaba kwenye kitako, na asubuhi ile ya gwaride ilisafiri nyuma ya migongo ya watu kama umbea. Meja wa ukaguzi alikuwa hajamaliza kumpita Enos, nayo ilikwisha shuka, ikapokewa, ikasogezwa, ikapokewa tena, mpaka ikamfikia Reuben Tasker aliyesimama karibu na mwisho wa safu, mikono mitupu, uso wa mtu anayesali. Meja alipomkabili alikuta bunduki safi. Akatumbukiza ufito wa chuma ndani ya mtutu, akausikiliza ukilia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kapteni Asahel Tasker, kaka yake Reuben, aliyaona yote. Ni yeye aliyeyapanga.

Sheria ya jamhuri ile changa ilisema kila raia mwanamume mwenye nguvu zake ni mgambo, na kila mgambo ajiletee mwenyewe bunduki ya gumegume, singe, na mfuko wa risasi. Asiyekuwa navyo alitozwa faini. Lakini Marlow Gore, kijiji chao, palikuwa pahala pa shoka. Watu walifika pale kuangusha miti na kung'oa visiki. Bunduki walikuwa nayo wachache, na wengi wa hao waliirithi kwa babu, ikiwa na kutu ya babu. Walipochagua kapteni walimchagua Asahel, fundi mapipa, ambaye vita hakuvijua hata kwa ndoto. Walimpendea roho yake laini, na pombe yake ya tofaa isiyopimwa. "Fundi mapipa ndiye anayetufaa," walitania. "Anajua kuziba panapovuja."

Akaziba. Jioni ya gwaride, watu wakinywa nyuma ya kanisa, Enos alimjia akicheka.

"Kapteni, bunduki yangu leo imeolewa mara sita, na bado inataka kulala kwangu."

"Punguza sauti. Meja ana masikio."

"Masikio anayo. Macho ndiyo alikopa, kama sisi."

Asahel alicheka pia. Usiku ule alilala kama mtu aliyewagawia majirani zake mkate.

Kabla majani ya malisho hayajaiva kukatwa, serikali ilitangaza vita na Waingereza walioshika Kanada. Kisha akaja mjumbe juu ya farasi aliyelowa jasho, akasoma amri mbele ya mlango wa kanisa. Kikosi cha Marlow Gore, kwa kuwa silaha zake zilionekana bora kupita zote za wilaya, kimeteuliwa kwenda kulinda kivuko cha mto wa mpakani. Watu wa Pell, kijiji cha pili, waliojitokeza kwenye gwaride na mipini ya majembe bila kuona haya, waliachwa majumbani wavune.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mtu mmoja alikohoa, wengine wakatawanyika, kila mmoja akitazama alipokanyaga.

Asahel alimwita mdogo wake karakanani, akafunga mlango. Reuben alikuwa ameoa majira ya kuchipua yaliyopita, na nyumba yake ilikuwa bado haijapata paa upande mmoja.

"Utabaki," Asahel alisema. "Nitasema una homa."

"Homa gani, kaka? Jana nimeshinda shambani mbele ya macho ya watu wote."

"Utapigana na nini?"

"Enos ataniazima."

"Na Enos apigane na nini?"

Reuben alicheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. "Waingereza wakituona tulivyo wengi watarudi kwao."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu. Na wewe hata hiyo ya mbali huna."

"Ulipokuwa unatuficha, hilo hukuliona?"

Reuben alipotoka, Asahel alikaa juu ya pipa lisilo na mfuniko, harufu ya mbao mbichi ikimzunguka. Udanganyifu ule wa gwaride alikuwa ameuita wema. Sasa aliuona ulivyo: alifunika kisima kwa majani ili watoto wasiogope, na leo watoto wametumwa wapite juu yake. Na yeye ndiye wa kuwaongoza, upanga mkononi.

Siku ya kuondoka wanawake walileta mikate na nyama ya nguruwe ya chumvi. Meja alikuwa amekwisha wasili, juu ya farasi wake, akingoja. Safu ilipojipanga, Asahel alipita mbele yake taratibu. Aliona bunduki chache za kweli. Aliona mitutu iliyofungwa kwa kamba za ngozi isipukutike. Aliona pia mizigo mirefu iliyoviringishwa magunia, eti isipate umande, nayo ilikuwa mingi. Reuben alikuwa nao mmoja begani. Thankful, mkewe, aliupapasa ule mzigo kwa kiganja, kama mtu anayemwomba mbwa mkali amlindie mtoto. Gunia lilikuwa na tundu. Ndani ya tundu Asahel aliona ubao wa pipa, wa karakanani mwake.

"Kikosi kamili, Kapteni?" meja aliuliza.

Neno moja tu lilitakiwa, na watu wote walikuwa wamekwisha mwandalia.

"Hapana, meja," Asahel alisema, kwa sauti iliyowafikia hadi wanawake. "Bunduki zinazolia ni saba. Nyingine ulizozikagua zilikuwa ni hizo hizo, zikizunguka."

Mtu alitukana chini kwa chini. Thankful aliondoa mkono wake juu ya gunia.

"Kaka," Reuben alisema, "umetuvua nguo mbele ya wake zetu."

"Afadhali uchi kuliko sanda."

Alingoja hasira ya meja. Aliingoja kwa hamu: afungwe yeye, avuliwe cheo, watu warudishwe mashambani. Meja aliinama juu ya shingo ya farasi, akasema polepole, wasikie wao wawili tu.

"Kiraka kile cha shaba nilikiona mara sita asubuhi moja. Unadhani mimi kipofu? Kila kijiji nilichokagua kina kiraka chake, isipokuwa wale wapumbavu wa Pell. Jenerali alitaka bunduki elfu mbili. Nikampelekea elfu mbili."

"Mwambie ukweli sasa."

"Jenerali yuko mtoni, Kapteni. Anazisubiri."

Meja akanyooka, akawageukia watu, akasema kwa sauti ile ile ambayo wazee wa kanisa huitumia kuwapangia watu viti ibadani: "Wenye bunduki, mbele. Wasio nazo, jipangeni nyuma yao. Wa mbele akianguka, wa nyuma aiokote."

Mizigo iliwekwa chini, mmoja mmoja, kwa uangalifu usio na sababu. Reuben aliwatazama wale saba, akaenda kusimama nyuma ya Enos, kwa kuwa ndiye aliyemzoea tangu utotoni.

Ngoma ikalia. Waliteremka barabara ya mtoni, malisho yamesimama pande zote mbili, yameiva, hayana mvunaji. Asahel alitembea pembeni mwa safu. Enos hakutania. Kila baada ya hatua chache aligeuza shingo kutazama nyuma, akamwona Reuben, akarudisha uso mbele upesi. Reuben alijitahidi kutazama miti, akataja ndege mmoja au wawili aliowaona. Kisha macho yake yakatua kwenye mkono wa Enos, pale vidole vilipoikamata bunduki, yakabaki hapo.