Mkono Haujui Tarehe

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alitengeneza programu ya kukatia nguo. Fundi anaingiza vipimo vya mtu, mashine inachapa karatasi kubwa yenye umbo la nguo, karatasi inalazwa juu ya kitambaa, mkasi unapita. Basi. Ila nayo ilikuwa na ila yake. Mstari uliochapwa ulikuwa wa sindano, si wa mkasi. Ukikata juu yake hubakizi kitambaa cha kushonea, na suruali inakwama mapajani.

Mafundi wa kwanza walioinunua hawakulalamika. Walizoea. Kila mmoja aliongeza upana wa kidole gumba nje ya mstari, kwa chaki au kwa macho tu, akaendelea na hadithi zake. Nimelala nyumba nyingi maishani mwangu, na sijaona isiyo na mlango ambao lazima uuinue kidogo ndipo ufunguke. Mwenyeji hata hajui kwamba anauinua. Mgeni ndiye anayepigana nao.

Na wageni wa programu walikuwa wanaongezeka. Mwalimu wa chuo cha ushonaji alipiga simu: wanafunzi wake wanakata juu ya mstari, nguo zinawapasukia, wanalia. Mpwa wangu akaamua toleo jipya liongeze lenyewe ule upana wa gumba. Asiyetaka, aingie kwenye mipangilio, abonyeze, arudi kwa muda kwenye mtindo wa zamani mpaka azoee.

"Na hao wazee wako?" nilimuuliza. Nilikuwa nimefikia kwake tangu mvua zianze, nikilala chumba cha nyuma pamoja na maboksi ya karatasi.

"Nimewaandikia tangazo, Mjomba. Linatokea ukifungua tu programu. Halafu kosa ni kosa, hata likizeeka."

"Kosa likizeeka, mwanangu, watu huliamkia shikamoo."

Akacheka, akabonyeza, toleo likaenda.

Bi Pindo alikuja wiki hiyohiyo. Huyu ndiye fundi wa kwanza kabisa kuiamini programu ile, wakati mpwa wangu hana mteja hata mmoja wa kumwonyesha mtu, na mafundi wengi walimfuata yeye. Jina la Pindo alipewa kwa sababu hakuna pindo la nguo lililowahi kumpita bila kuligeuza atazame ndani. Siku hiyo alikuwa na gauni jeupe la uuguzi begani. Aliwekewa kiti, hakukaa.

"Kiguu, leo umepatikana nyumbani?" aliniambia mimi, kiguu na njia. Kisha akamgeukia mwenye kesi. "Binti yangu, nimekukosea nini?"

"Kuna nini, mama?"

Akamvalisha lile gauni juu ya nguo zake, palepale mlangoni, akamfunga vifungo mpaka juu. Kiuno gunia, shingo kitanzi. Mpwa wangu alishika ukosi, na nikaona uso wake umeelewa kabla mdomo haujasema. Programu iliongeza gumba, na Bi Pindo akaongeza gumba lake juu ya hilo. Kiunoni nguo ikapanuka, shingoni tundu likabana.

"Ulisoma tangazo, mama?"

"Lipi?"

"Linalotokea ukifungua programu."

"Mimi nikifungua programu nafungua kazi. Kikitokea kitu nakifukuza kama nzi."

Nusu ya magauni aliyoagizwa na hospitali yalikuwa yameshashonwa hivyo. Hayo yangefumuliwa na kupunguzwa. Taabu ilikuwa nusu iliyobaki. Hospitali ilitoa kitambaa kwa kipimo, na yale magumba ya ziada yalikuwa yameshakula akiba yote. Kosa moja jingine, na wauguzi kadhaa wangebaki bila magauni, na Bi Pindo bila hospitali.

"Karatasi zako siziamini tena," alisema, bila kupandisha sauti. "Nitachora kwa mkono kama zamani. Nimekuja kukuaga, nisionekane nimekimbia."

Bora angemtukana. Mpwa wangu alifungua vifungo vya lile gauni kimoja kimoja.

"Mama, sikiliza. Nguo zote ulizoingiza kwenye programu kabla ya toleo jipya, nazirudisha kwenye mtindo wa zamani. Utakazoanza sasa ndizo ziwe za mtindo mpya. Hakuna kitakachoharibika."

Mimi nililiona shauri zuri. Bi Pindo akatikisa kichwa.

"Yaani asubuhi nikate gauni la zamani niongeze, mchana nikate suruali mpya nisiongeze? Mwanangu, mkono wangu haujui tarehe."

"Karatasi itakuwa imeandikwa juu kabisa…"

"Haya! Tangazo jingine."

Mpwa wangu akachukua viatu. "Twende tukafumue," alisema.

Karakana ilikuwa chumba kimoja, cherehani zikitazama dirisha, na meza ndefu katikati iliyochakaa pale mkasi unapoegemea. Sisi wawili tulipewa nyembe na rundo la magauni. Bi Pindo mwenyewe alikuwa anakata shati la mteja kwa karatasi ya zamani, huku akimsema shemeji yake aliyekopa pasi akairudisha bila waya.

"Namuuliza, waya uko wapi? Ananiambia, dada, mimi niliazima pasi!"

Alicheka mpaka akashika meza, na chaki yake wakati huo inatembea yenyewe nje ya mstari, kona kwa kona. Mpwa wangu akaacha kufumua.

"Mama, hapo umeongeza?"

"Nimeongeza nini?"

"Hapo, nje ya mstari."

Bi Pindo akaitazama chaki kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Labda. Kwani umeona?"

Mpwa wangu alifumua gauni zima kabla ya kusema tena.

"Wewe nakuacha ulivyo. Wewe na wote walionunua kabla ya toleo hili. Karakana nzima, nguo za zamani na mpya. Mstari wenu hauguswi mpaka mniambie wenyewe. Anayeanza leo ndiye atakayepewa wenye nafasi ya mshono."

"Na wewe?"

"Mimi nitalea programu mbili ndani ya moja. Kila nitakachoongeza, nikijaribu huku na huku. Ndicho nilichokuwa nakikimbia."

"Mapacha hao," alisema Bi Pindo. "Pole. Na hongera."

"Usicheke, mama, ni kazi."

"Na siku ukiajiri mtu wa chuoni?" nilimuuliza Bi Pindo.

"Atanikuta na chaki mkononi. Ana mdomo, atauliza."

Mpwa wangu alinitazama kwa jicho la kuniambia ninyamaze, nikarudia wembe wangu.

Kesho yake marekebisho yakafika, na Bi Pindo akachapa karatasi ya kwanza ya magauni yaliyobaki. Akailaza juu ya kile kitambaa cheupe kisicho na akiba. Tulidhani atashika chaki. Akavua tepu shingoni akaanza kuipima karatasi: bega, kiuno, shingo, kisha shingo tena. Miaka yote hakuwahi. Alipima watu, karatasi aliiamini. Mpwa wangu aliitazama tepu ile ikipita juu ya kazi yake.

"Sawa," alisema Bi Pindo.

Akaongeza gumba lake, akakata.

Magauni yalitimia, na hospitali haikujua kitu. Mafundi waliokuwa wanamfuata hawakuondoka. Lakini mpaka nafunga mizigo yangu kuuacha mji ule, kila karatasi iliyotoka kwenye mashine ya Bi Pindo ilipimwa kwanza.