Kikombe katika Mkono wa Kushoto

Alikunywa maji kwa mkono wa kushoto. Nililiona hilo, na nililiona vizuri, kwa sababu Russ Tillotson hakuwahi kuutumia mkono huo kwa lolote isipokuwa kuvalia glavu.

Ilikuwa Jumapili mchana, Julai 1979, katika uwanja wa Cutler Bend, Iowa. Nilikuwa kocha mkuu wa timu ya pale, tukijiita Kambare, katika ligi ya besiboli ya mchangani kabisa, ya kusafiri saa tisa nzima kwa basi ukacheze mbele ya watu mia nne. Russ alikuwa mrushaji wetu. Siku hiyo alikuwa amemaliza zamu nane kati ya tisa, na hakuna mpigaji hata mmoja wa upande wa pili aliyeupata mpira wake sawasawa.

Ni jambo adimu, na mrushaji akifika hapo, haongeleshwi. Hatajwi jina, hakaribiwi, na wala hasifiwi. Ukimsemesha, umemtia mkosi. Nilifundishwa hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa, nami nikawafundisha wengine. Kwa hiyo Russ alikaa peke yake mwisho wa benchi, karibu na pipa la maji, amevaa koti kwenye jua lile ili mkono usipoe, na wenzake wamejibana upande wa pili kama kuku waliomwona kicheche.

Mdakaji wetu, Chuy Barrientos, alikuja akaniinamia sikioni.

"Kocha, ile mipira ya mwisho haikuja na nguvu."

"Mipira ya nani?"

Chuy alijifuta jasho. "Si ya mtu. Nasema tu, glavu yangu haikulia."

"Basi kakae."

Nyuma ya wavu, safu ya nne, alikaa mzee mwenye kofia ya ukindu aliyetumwa na klabu kubwa iliyotumiliki. Alikuja kumtazama Russ. Mchezo kama ule ungempandisha hadi klabu hiyo, na kocha aliyemlea mrushaji wa namna hiyo hasahauliki. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na minne kati ya hiyo nilikuwa nimeilala ndani ya basi. Nasema haya nikiona aibu: mwiko ule ulinifaa, nikajificha ndani yake.

Russ aliinua macho mara moja, kikombe kikiwa bado mkononi, akanitazama. Nikageuka, nikajifanya nasoma karatasi ya majina.

Katika zamu ya tisa alibakiza mpigaji mmoja tu. Alirusha, na mpira ukaenda kugonga ukuta wa matangazo, mbali kabisa na mtu yeyote. Kabla ya hapo ulisikika mlio mkavu kwenye kiwiko chake. Chuy, aliyekuwa karibu kuliko mimi, anaapa kwamba hakusikia chochote. Mimi nausikia mpaka leo, hata mke wangu akivunja maharage mabichi jikoni.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Russ chumbani kwake anafungasha. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani, na alikuwa akihangaika na zipu ya begi. Nilitaka kumsaidia, nikaogopa.

"Uliniona," alisema.

"Nilikuona."

"Mbona hukuniuliza, kocha?"

"Na wewe mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" Aliliacha begi, akakaa kitandani. "Nikifungua mdomo tu, imekwisha. Nilikuwa nakungoja wewe."

Hakunifokea. Angenifokea, labda ningelala vizuri miaka yote iliyofuata.

Nilifundisha miaka kumi na miwili zaidi, timu nne, miji ambayo hata madereva wa basi waliipitiliza. Hakuna aliyenipandisha. Nilikuwa nikiwauliza warushaji habari za mikono yao wakati wa chai, wakati wa mazoezi, hata foleni ya msalani. Wakanipa jina la Daktari. "Mkono hajambo, Daktari," walikuwa wakisema, "anakusalimia sana." Nilicheka nao, na kesho yake nikauliza tena.

Msimu wangu wa mwisho, huko Kansas, nilikuwa na kijana aliyeitwa Neal Lindqvist. Mchana mmoja wa Agosti alimaliza zamu nane bila mpira wake kupigwa sawasawa. Akakaa mwisho wa benchi peke yake, na wenzake wakajibana kule. Kisha nikamwona anakunywa maji kwa mkono wa kushoto.

Nikasimama. Mtu mmoja akaninong'oneza nyuma, "Daktari, leo usithubutu." Niliisikia sauti hiyo na sikuijali. Niliikata benchi nzima mpaka kwake, nikakaa ubavuni pake.

"Mkono vipi?"

Neal alinitazama kama niliyemtemea mate kwenye sahani. Aliufumbua mkono wa kulia taratibu. Ulikuwa umejaa mbegu za alizeti.

Mpira wake wa tatu katika zamu ya tisa ulipigwa, ukadondoka kwenye majani mbele ya mtu wetu kabla hajaudaka, na bahati ile ikaishia hapo. Hakuwahi tena kukaribia mchezo kama ule, na hakunisemesha mpaka msimu ulipokwisha.

Jioni ya mchezo ule nilimpigia simu Russ. Tulikuwa hatujazungumza tangu asubuhi ya begi. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa Nebraska, nikawasikia nyuma yake wakilia. Nilimsimulia yote bila kupumzika, yeye akisikiliza.

"Alikuwa mzima?" aliuliza.

"Mzima kabisa. Alikuwa anakula mbegu."

"Lakini ulimuuliza."

"Nilimuuliza."

Kisha akaniomba nisubiri kidogo abadilishe mkono, maana ule wa kulia ulikuwa umeshachoka kushika simu.