Jina Kabla ya Siku ya Saba

"Jina la mtoto?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Hana bado. Leo siku ya tano," alijibu Mwanamize.

"Mfumo haukubali kumwandikia daktari mtoto asiye na jina. Rudini akishapewa."

Rudini! Kama vile kisiwa cha Makoongwe ni ng'ambo ya barabara. Mwanamize alivuka kwa mashua alfajiri na maumivu yake ya uzazi, chuchu zimechanika, mtoto analia njia nzima. Alizaliwa na kilo tatu. Leo mizani imesema mbili na nusu. Nesi alimtia kidole kinywani, akaikuta kamba ya chini ya ulimi imeushika hadi nchani. Ndiyo maana ziwa linamponyoka. Na daktari wa watoto anayeweza kuikata huja kituo hiki cha afya mara moja kwa mwezi, na boti yake ya kurudi Unguja ni saa saba. Saa hiyo ilikuwa tano na nusu.

"Twende zetu," mkwewe, Bi Shariffa, alimvuta buibui. "Cha kukatwa nini? Babaake alikuwa na ulimi huu huu, na leo humnyamazishi! Na jina ni siku ya saba, atalitoa babu yake."

"Babaake alinyonya, mama. Huyu hanyonyi!"

Hakuwa amewahi kumpandishia mkwewe sauti. Benchi zima la wazazi na vichanga vyao visivyo na majina bado likageuka kumtazama. Mwanamize akaligeukia dirisha la karani.

"Andika Shariffa."

Karani akachapa kwa f moja.

"F mbili!" Bi Shariffa akaruka. "Usinikatie jina la somo yangu, mwanangu! F mbili!"

Benchi likaangua kicheko.

Ndani, daktari aliuinua ule ulimi. "Kamba nyingine tunaziacha, hazina neno. Hii inamnyima ziwa. Lakini sikati mpaka mama akubali."

Mwanamize akamtazama mkwewe.

"Wanitazama nini? Mama ni wewe." Bi Shariffa aligusa shavu la mtoto. "Somo yangu ana njaa."

"Kata, dokta," alisema Mwanamize.

Mkasi mdogo, mara moja tu. Tone la damu, kilio kimoja, kisha kifuani kwa mamaake. Shariffa mdogo akalikamata ziwa, akavuta, akavuta tena.

"Anameza! Mama, msikilize, anameza!"

Walilia na kucheka kwa pamoja.

Walipotoka ilikuwa saa sita kasorobo. Dirishani alisimama msichana na kichanga chake.

"Ana siku tatu tu," alikuwa akisema.

"Mfumo haukubali..."

"Mpe jina!" Bi Shariffa alipaza sauti. "Babu yake atasamehe!" Akaligeukia benchi. "Nanyi nyote! Wapeni majina sasa hivi, boti ya daktari haingoji!"

"Zubeir!" alisema msichana.

"Laila!"

"Wangu Masika!" Wote wakainuka, wakalizonga dirisha.

Karani aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Taratibu jamani, mfumo wenyewe..."

"Andika," alisema Bi Shariffa.