Kilimia Kiliposhuka Nkoaranga

Jioni moja ya mwezi Machi, Penina alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko lake huko Nkoaranga, mguu mbovu ameunyoosha juu ya gunia, akimenya ndizi. Mbele yake shamba lake lilikuwa limelala. Magugu yalifika kiunoni, na mawingu ya masika yalikwisha anza kukusanyika upande wa Kikatiti.

Kabla ya Krismasi aliteleza akitoka mferejini, akavunjika paja. Akiwa bado wodini, ukoo ulikaa kikao ukaamua kwamba shamba la marehemu mumewe, Elihuruma, lisipolimwa kabla ya mvua ya kwanza, shemeji yake Frederick alichukue alitunze. Penina alijua Frederick hutunza vipi. Tangu Elihuruma azikwe, kahawa ya Frederick ilikuwa imevuka mpaka, na masale aliyoyapanda baba mkwe kuonyesha mpaka huo yalikatwa yakafukiwa. Vibarua aliowatumia salamu Penina walijibu kwamba wana kazi kwa Frederick.

Jioni hiyo mwinjilisti Aminiel alipita kumwombea. Baada ya amina wakabaki wakitazama mlima. Giza lilipoanza kuingia, juu ya bega la Meru zikatokea nyota za Kilimia, zimebanana kama vifaranga. Penina akauliza jina lile lilitoka wapi. Aminiel, ambaye hupenda kuulizwa, akaeleza kwamba limetokana na kulima: wazee walikitazama Kilimia ili wajue wakati wa kushika jembe. Wanajimu wa pwani, akasema, wana makundi yao ya nyota wanayoyaita buruji, neno la Waarabu, ambalo maana yake ya kwanza ni minara na ngome. Vitabu vya shule siku hizi vinasema kundinyota, na hilo halihitaji mkalimani.

"Kwa hiyo wenzetu walitazama juu wakaona ngome," Penina akasema, "sisi tukaona kibarua."

"Kila mtu na shida yake, Mama Eunike."

"Basi kishuke kilime. Kimekula jina hilo miaka mingi."

Aminiel akacheka, akapewa chane ya ndizi, akaenda zake.

Kesho yake, jua lilipozama tu, watu walipiga hodi. Walikuwa sita, wafupi, majembe mabegani, wameshuka kwa njia ya msituni. Mwanga wao ulikuwa kama wa taa ya chemli iliyopunguzwa utambi. Penina alifikiri kidogo nani amsalimie nani, akaona hawa wamemzidi umri.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Shamba ni lipi?"

Hakuna aliyekuwa amemwita mwanangu tangu mama yake alipozikwa. Ilibidi apanguse macho kwanza ndipo awaonyeshe.

Walilima kimya. Mkubwa wao aliuliza mara moja tu kama magugu yachomwe au yafukiwe, Penina akasema yafukiwe. Walipofika kwenye kahawa ya Frederick hawakusimama. Walipita katikati ya miche bila kukata mzizi, wakaishia pale yalipokuwa masale ya zamani. Visiki vikatokea, vingine vina machipukizi. Penina akawapakulia loshoro aliyoipika kwa maziwa mgando. Wakala, wakayasifu maziwa. Wakiwa bado wanakula, bintiye Eunike alipiga simu kutoka Olasiti kuuliza hali ya mguu, akataja kwamba leo huko mjini Kilimia hakionekani. Penina akamwambia kipo, kinamalizia chakula.

Asubuhi majirani walikuja kutazama. Walisema kazi ni nzuri. Bwana shamba alipita na pikipiki yake, akayasifu makingamaji. Mwisho akaja Frederick, amevaa mabuti, akazunguka shamba zima mikono nyuma.

"Shemeji, umepata vibarua wazuri," akasema. "Ila wamevuka mpaka."

"Wamefika mpakani, shemeji."

Frederick hakubisha. Visiki vilikuwa vimejipanga mstari ulionyooka, na kila mtu mzima pale aliukumbuka. Ukoo ukaitwa palepale shambani. Mzee Kaanaeli, mwenyekiti, akasema shamba limelimwa kabla ya mvua, kwa hiyo ni la Penina. Tena akasema masale ni ya kweli, ila kahawa iliyokwisha zaa haing'olewi, wenye kahawa na wenye masale waelewane wenyewe.

Frederick akainama, akakata chipukizi la sale kwenye kisiki kimoja, akamletea Penina kwa mikono miwili. Huku mlimani sale likiletwa hivyo mbele ya watu, aliyekosewa husamehe, na mjadala huishia hapo. Penina alilijua hilo, na Frederick alijua kwamba analijua. Akalipokea. Watu wakapiga makofi. Kuhusu miche hakuna aliyesema neno, na miche ikabaki.

Aminiel akamsogelea, akamuuliza taratibu kama moyo unauma.

"Unauma," Penina akasema. "Lakini juzi saa hizi sikuwa na shamba kabisa."

Jioni akajikongoja hadi pale kahawa ya Frederick inapoanzia, akachimba kishimo kwa ncha ya mkongojo, akalipanda lile sale, ili mpaka mpya ujulikane. Mvua ya kwanza ikaanza akiwa bado ameinama. Akamshukuru Mungu kwa mvua, akawashukuru waliolima, akaingia ndani kuchagua mbegu za maharage.

Mwaka ule alivuna maharage kuliko miaka yote ya ndoa yake. Sale nalo lilishika. Ng'ambo yake kahawa ya Frederick inazaa mpaka matawi yanavunjika, kwa kuwa udongo wake ulilimwa na nyota, na Penina akipita pale huisifu.