Chambo Hakililiwi

...au zile meli ndogo za kuchimba madini azirudishe nyuma ya mwezi kabla adui hajafika, hapana, azitume mbele, zife, chambo hakililiwi, akabonyeza kipanya na kundi zima likamiminika kama siafu kwenye weusi wa anga ya skrini, na nyuma ya mlango mkewe akasema tena, "Baba watoto, toka basi, mgeni amekuja kwa ajili yako," mgeni gani, anamjua, amemtambua tangu alipopiga hodi, mjane wa msaidizi wake kule saiti, marehemu aliyekuwa akisimama chini kumwelekeza kwa redio wakati yeye yuko juu kwenye kibanda cha kreni, na watu wote chini ni punje za mtama, ndiyo, ukiwa juu ni punje, ndiyo maana mchezo huu ulimkaa vidoleni siku ya kwanza, kijani ni wako, nyekundu ni wa adui, sayari hii iteke, ile iache iungue... waya wa kreni ulikatika, chuma kikamwangukia marehemu, wakaguzi walisema, waya tu, huna kosa, nenda nyumbani ukapumzike, akapumzika hadi ndevu zikamfika shingoni, na heri wangemwambia una kosa, kosa lina pa kushika, hili halina kichwa wala mkia... meli zinalipuka sasa, hakuna inayolia, akaongeza sauti ya mchezo, "Shemeji," kumbe mjane ameinuka, yuko mlangoni kabisa, "sikuja kukulaumu, Mungu ni shahidi yangu, nataka tu uniambie alisema nini mwisho, wewe ndiye uliyemsikia," mwisho alisema nini, alikuwa akicheka, "Shusha polepole, mzee wa kukoroma, usije ukasinzia huko juu," basi, hivyo tu, na yeye akacheka pia, mkono kwenye wenzo wa kreni, sasa huo ndio ujumbe wa kumpa mwanamke aliyefiwa, kukoroma?... lakini ni wake, mpe, mpe kama ulivyotamkwa, akajaribu kuutamka moyoni kwa sauti ya marehemu, ile nzito yenye mikwaruzo ya sigara, ikaja ya meli za mchezo, "Tayari kwa amri," safi, changa, haina kifua, akafumba macho, shusha polepole, ikaja ile ile, miezi yote hii amekuwa akimimina sauti za mashine masikioni ili asisikie ule mlio wa chuma, na mlio upo, haukuondoka hata siku moja, kilichoondoka ni kingine... "Shemeji, unanisikia?" anamsikia, vizuri sana, kundi jipya la meli linangoja amri, kitasa hakijaguswa, maneno anayo yote, neno kwa neno, mwenye kuyasema ndiye hayumo tena masikioni mwake, na safari hii amemfukuza yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na mjane bado amesimama pale pale, anangoja kupewa mumewe...