Ridhaa ya Baba

Pasipoti ya mtoto haitoki bila baba. Ndivyo alivyoniambia ofisa wa dirisha la tatu, huku akinirudishia karatasi zangu zote: cheti cha kuzaliwa, picha mbili za mtoto mbele ya ukuta mweupe, barua ya hospitali. Wazazi wote wawili wafike, watie saini mbele yake, kisha baba aweke dole gumba la kulia kwenye kile kimashine cha kusoma alama za vidole.

"Na kama baba mwenyewe hafai?" nikamuuliza.

"Hafai kivipi, mama?"

Nikafungua mdomo nikamwonyesha pengo la jino la mbele. Akainamisha macho kwenye karatasi zake.

"Basi nenda mahakamani, upewe mtoto peke yako. Ila huko ni kusubiri."

Kusubiri! Binti yangu ana miaka sita na moyo wenye tundu. Akipanda kitanda tu, midomo inageuka rangi ya wino. Hospitali ya ng'ambo imekubali kumpasua, wafadhili wameshalipa, kitanda kinamngoja. Kilichobaki ni hicho kijitabu cha kuvukia mpaka. Na aliyekikalia ni mwanamume niliyemkimbia peku, mtoto mgongoni.

Huyo alinipiga kwa mkanda, kwa sahani, kwa mguu wa kiti. Kila nilipofika zahanati muuguzi aliuliza nimepatwa na nini, nami nikajibu lile lile: nilianguka ngazi. Nyumba yetu ilikuwa ya chini, haina hata kipandio cha mlangoni.

Kaka yangu ni muuza nyama, na si mtu wa maneno mengi. Nilipomweleza, alinawa mikono, akavua aproni, akasema, "Twende kwa shemeji."

Shemeji huyo ni fundi wa kuchomelea mageti. Tulimkuta peke yake kwenye karakana yake, anapiga rangi. Nilimwomba kaka abaki nje kwanza, maana nilitaka kujaribu kwa uzuri.

"Mtoto anakufa," nikamwambia. "Njoo kesho utie saini, basi. Sitaki kingine kwako."

"Begi lako liko wapi?"

"Begi la nini?"

"La kurudi nyumbani. Mke wangu akirudi, mwanangu anapata pasipoti. Vinginevyo mtajua wenyewe."

"Mimi sirudi."

Konde lilinikuta hata sijafunga mdomo. Nikabamizwa kwenye geti lililoegemezwa ukutani, nikaanguka nalo. Ncha ya chuma ikanichana nyusi, damu ikaziba jicho. Akanishika nywele akanikokota juu ya vipande vya vyuma, anaongea taratibu kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Unaona unavyonilazimisha?" Teke la kwanza likanipata mbavuni, la pili likaniondolea pumzi. Wala sikupiga kelele. Mwili ulikuwa bado unakumbuka adabu aliyoufunza, na niliuchukia mwili wangu kwa hilo.

Kaka hakuhitaji kuitwa. Aliingia, akambeba mtu mzima begani anavyobeba paja la ng'ombe, akambwaga juu ya meza ya kazi. Fundi akapapasa, akapata nyundo, akampiga nayo kaka begani mpaka nikasikia mfupa. Kaka akamjibu kwa kichwa. Pua ikapasuka, damu ikarukia miwani ya kuchomelea iliyoning'inia ukutani. Nyundo ikainuka tena, na safari hii kaka akaudaka mkono ulioishika, akauingiza kwenye jiliwa, lile dubwana la mezani la kubania vyuma, akakaza.

"Utasaini?"

"Sisaini!"

Kaka akakaza tena.

"Mtoto atakufa, we mtu!"

"Na afe basi!"

Sijui niliinukaje pale chini. Ninachokumbuka ni mpini wa jiliwa, ulivyokuwa wa baridi, na kwamba niliuzungusha kwa mikono miwili. Kitu kikavunjika kama mua. Akalia, nami nikafurahi. Nasema kweli tupu, nilifurahi, nikazungusha tena.

"Nasaini! Nasaini, niacheni!"

Nikauachia mpini. Kaka alisimama anahema, bega moja limening'inia, akatazama kilichokuwa ndani ya jiliwa, kisha akanigeukia.

"Dada," akasema. "Huu si ndio wa kulia?"

Kesho yake tulikaa mbele ya dirisha la tatu. Walinzi walimbakiza kaka mlangoni, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Mimi nilikuwa na nyuzi juu ya jicho na binti yangu mapajani. Fundi alikuwa amevimba uso wote, na mkono wake wa kulia ulikuwa bonge la plasta kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kucha.

Ofisa alitutazama mmoja mmoja, akaweka kalamu chini.

"Dole la kushoto linaweza kupokelewa, hilo lina utaratibu wake," akasema. "Lakini mimi hapa nashuhudia ridhaa, na mtu aliyelazimishwa hajaridhia. Baba, nani kakufanya hivi? Niambie tu. Faili nalifunga sasa hivi, polisi wapo hapo getini."

Alichohitaji fundi ni kunyoosha kidole: mimi ndani, kaka ndani, mtoto kaburini. Nami namjua mtu huyu, hajawahi kupata nafasi ya kuniumiza akaiacha ipite. Akanigeukia, akatabasamu kwa ule mdomo uliopasuka.

Kisha akamwona binti yake. Hakuwa amemwona kwa karibu tangu nilipokimbia. Mtoto alikuwa amechoka kwa kutembea kutoka getini tu, kichwa kifuani kwangu, mdomo wazi umekuwa mweusi, pumzi inatoka na mluzi. Tabasamu likamwisha.

"Nilianguka," akasema.

"Ulianguka wapi?"

"Ngazi."

Binti yangu akainua kichwa. Akamwangalia baba yake kwa huruma, mgonjwa kwa mgonjwa mwenzake.

"Pole, baba," akasema. "Hata mama alikuwa anaanguka hizo hizo."

Ofisa alitazama nyuzi zangu, akatazama plasta, akamtazama mtoto kwa muda mrefu zaidi kuliko sisi wote. Halafu akakisukuma kile kimashine mbele yetu.

Fundi akaweka dole gumba la kushoto kwenye kioo. Lilikuwa linatetemeka, mashine ikalikataa. Akaweka tena, likakataliwa tena. Basi nikainua mkono wangu nimsaidie kulituliza.

Alijikunja. Mtu mzima yule alizamisha kichwa mabegani akakinga uso kwa plasta, vilevile nilivyokuwa nikijikinga mimi, na binti yangu akageuka kuutazama mkono wangu uliokuwa bado hewani.

Aibu ikanipanda hadi masikioni. Lakini sikuurudisha. Nilikishika kiganja chake, nikakibana juu ya kioo mpaka taa ikawa ya kijani.